Kicheko cha Somoe na Daraja Lisilo na Mto

Nchi ya Tambarare haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji akidhani amewahi kuiona mahali, aende akapime macho. Ni nchi nzuri mno. Mvua yake huchelewa kwa sababu za kiufundi tu, na watu wake wana furaha, kwa kuwa furaha imo ndani ya katiba, ibara ya pili, mara baada ya ibara inayoeleza nani apite njiani kwanza.

Katika nchi hiyo aliishi msusi mmoja, Somoe binti Kilindo, wa mtaa wa Mchangani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na ulimi wake mwepesi zaidi, na kina mama walikuja kusukwa hata kabla nywele hazijafumuka, mradi wakae miguuni pake wamsikilize. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake, Hidaya, na Hidaya alikuwa na binti aitwaye Mwajabu. Kisha homa ikamchukua Hidaya katika wiki moja. Somoe akabaki na yule mtoto wa miaka saba, aliyemwita mama mkubwa na kulala usiku ameshika ncha ya kanga yake.

Hata matanga hayajaanuliwa, afisa wa Wizara ya Mayatima na Mambo Mengineyo akabisha hodi. Alikuwa kijana mpole mwenye mkoba. Alitoa pole vizuri mpaka akakaribishwa chai, na alipoimaliza akakohoa kidogo.

"Mama, yatima hulelewa na ndugu mwenye jina safi. Ndiyo sheria. Sasa wewe, samahani sana, jina lako lina doa."

"Doa gani, mwanangu?"

Kijana akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Uliwahi kucheka."

Kina mama waliokuwa matangani wakatazamana. Somoe alihamia Mchangani akiwa mtu mzima, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ana jambo lolote mahakamani.

"Ukipata cheti cha usafi wa jina, mtoto ni wako," alisema yule kijana. "Usipopata, mwezi ukiandama nitakuja kumchukua nimpeleke kwenye Makao ya Watoto wa Taifa."

Makao hayo yalijulikana. Watoto walifundishwa huko kupungia bendera misafara ya wakubwa, asubuhi hadi jioni, na walitoka wakiwa watu wazima ambao mkono wa kulia hupunga wenyewe hata usingizini. Somoe alimtazama Mwajabu, aliyekuwa pembeni akimsuka mwanasesere wa gunzi, akamwita aje akae karibu naye.

Ni kweli, Somoe aliwahi kucheka. Inafaa tueleze jinsi ilivyokuwa, ingawa imekatazwa.

Akiwa msichana wa miaka ishirini alichukuliwa pamoja na kikundi cha ngoma kwenda uwanda wa Kavuni, kuchangamsha ufunguzi wa daraja. Lilikuwa daraja la kupendeza, refu, lenye nguzo nene na kingo zilizopakwa rangi za taifa. Chini yake palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga palikuwa na mbuzi. Upande wa huku palikuwa na uwanda, na upande wa kule uwanda uleule uliendelea.

Waziri wa Madaraja, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Brigedia Kidundo, alikata utepe, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi zinazosubiri mto ndipo zijenge daraja. Hizo ni nchi za watu wavivu! Sisi tumeutangulia mto! Nasema hivi, siku mto utakapofika Kavuni, utatukuta tumekwisha kujiandaa!"

Ukapita ukimya mfupi, kwa kuwa mwenye kutoa ishara ya makofi alikuwa ameingiwa na vumbi jichoni. Ni katika ukimya ule ndipo kicheko kilipomtoka Somoe. Hakukipanga. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, akajaribu kukimeza kikakataa, akaangua. Alicheka mpaka akashikilia ukingo wa daraja asianguke, na hayo, kwa haki kabisa, ndiyo matumizi pekee ambayo daraja lile lilipata siku hiyo. Sajini Tindwa, askari aliyekuwa karibu, akamtia mbaroni huku amejiuma mdomo.

Mahakamani hakimu alimuuliza, "Mshtakiwa, ulichokuwa ukicheka ni nini?"

"Daraja, mheshimiwa."

"Daraja lina kichekesho gani?"

Somoe akaeleza. Hakimu akaomba maji, akanywa, akapaliwa, akatoka nje kwa muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, naye akamhukumu Somoe miezi sita ya kufagia mto, kwa kosa la kucheka bila kibali mbele ya mradi wa taifa. Akafagia mchanga chini ya daraja miezi sita, ili mto ukija ukute pasafi.

Basi sasa, zaidi ya miaka ishirini baadaye, Somoe alifunga kanga kiunoni akaenda kwenye Idara ya Usahaulishaji, kuuliza kama hukumu ya mtu inaweza kufutwa. Karani aliyempokea aliitwa Bwana Mtengo, mtu mnene mwenye tabasamu, na alionekana kulipenda sana swali lile.

"Kufutwa inafutwa, mama yangu! Serikali yetu ina huruma hata inatia kichefuchefu. Ila kuna utaratibu. Kosa halifutwi mpaka wananchi wote walisahau. Na mwananchi atasahau vipi jambo asilolijua? Kwa hiyo kwanza atatangaziwa."

"Lakini baba, mtaani kwangu hapana aliyekuwa akijua. Si ndiyo wamesahau tayari?"

"Hawajasahau hao. Hawajui. Kutojua ni ujinga, mama, na kusahau ni uzalendo. Usichanganye mambo."

Walipokuwa wakiongea mlango wa pembeni ulifunguka, akapita bwana mmoja aliyevaa suti inayong'aa. Bwana Mtengo akasimama wima mpaka yule bwana alipotoweka. Somoe alimtambua, maana nchi nzima ilimjua. Ndiye aliyeuza hospitali ya mkoa pamoja na vitanda, na wagonjwa wakiwa bado wamelala juu yake.

"Naye amekuja kufutiwa?"

"Yule?" Bwana Mtengo alishangaa kwa dhati. "Yule ana nini cha kufutwa? Siku aliyofikishwa mahakamani wino ulikuwa umekwisha."

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tambarare hadi leo haijaiacha mbiu, kwa kuwa redio hukatika umeme lakini pembe haikatiki. Siku ya pili baada ya Somoe kuacha ombi lake kwa Bwana Mtengo, mgambo walitoka na pembe zao, wakaenda kila mji, kila gulio, kila njia panda. Wakapuliza mpaka watu wakaacha vyungu motoni.

"Enyi wananchi! Mnaamriwa na serikali yenu, kuanzia leo jua likitua, kusahau kwamba Somoe binti Kilindo, msusi wa Mchangani, alilicheka daraja la Kavuni kwa sababu halina mto! Narudia, halina mto! Asiyejua asahau, anayejua asahau zaidi, na aliyesikia amwarifu ambaye hakusikia!"

Hapo ikatokea ajabu. Watu wa Tambarare walikuwa wameliona daraja lile miaka yote. Lilikuwa kwenye kalenda, kwenye noti, na kwenye mifuko ya unga wa msaada, lakini picha zote zilikuwa zimepigwa kutoka juu. Haikuwahi kumpitia mtu yeyote akilini kuuliza chini yake kuna nini.

"Kumbe halina mto?" waliambiana sokoni.

"Shii! Tumeambiwa tusahau."

"Nasahau, bibi wewe. Lakini nataka nijue vizuri ninachokisahau."

Wakaanza kwenda Kavuni kwa makundi, kujionea. Wauza kahawa wakahamia huko na mabirika yao. Watu wazima na heshima zao walichungulia chini ya daraja, wakaona mbuzi, wakarudi makwao wamejifunika midomo. Wizara ya Elimu, isije ikaonekana imelala, ikaamuru somo lile lifundishwe, na katika mtihani likatoka swali: "Taja mambo yote unayotakiwa kusahau kuhusu daraja la Kavuni." Watoto walifaulu vizuri sana.

Kwa Somoe mambo yalikuwa magumu. Wateja wengine walikimbia, wakiogopa kuonekana kwake. Wengine walikuja ili wasimuliwe, na wakishasukwa nusu walisema, "Ehe, halafu waziri akasemaje?" Jirani yake, Bi. Nunu, alikuja akaketi kizingitini akatikisa kichwa.

"Shoga yangu, doa lako lilikuwa mahakamani tu. Sasa limefika mpaka kwa shemeji zangu wa shambani."

"Nifanyeje, Nunu? Ndio utaratibu."

"Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Wewe mwana umepewa na Mungu, halafu watu wanataka wakuachie jiwe." Bi. Nunu akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Jioni moja Mwajabu alikuwa ameketi miguuni pa Somoe akisukwa, mwezi mchanga ukiwa karibu.

"Mama mkubwa, ni kweli ulicheka?"

"Kweli."

"Ulichekaje? Nionyeshe."

Somoe akaweka kitana chini, akajaribu. Ilitoka sauti fulani kavu, ya mtu anayesafisha koo. Akajaribu tena. Ndipo alipogundua kwamba tangu siku ile ya Kavuni alikuwa akichekesha watu tu, lakini mwenyewe hajawahi kucheka vile tena. Akamwambia mtoto alale.

Siku ya kusikilizwa ombi lake ilipofika, Somoe aliagizwa aje na mtoto, na mtoto aje na nguo zake zikiwa zimefungwa, ili Baraza la Usahaulishaji, lenye kuamua maombi hayo, likikataa pasiwe na usumbufu. Yule kijana wa Wizara ya Mayatima alikuwa mlangoni na mkoba wake. Alimsalimia Somoe shikamoo kwa heshima zote.

Mwenyekiti wa Baraza la Usahaulishaji alikuwa Mheshimiwa Kidundo mwenyewe. Alikuwa mzee sasa, na vyeo vyake vilikuwa vimeongezeka hata msomaji wa majina alilazimika kupumzika katikati. Kwa mujibu wa utaratibu, hukumu haifutwi mpaka shahidi wa kosa aape kwamba amelisahau. Aliitwa Sajini Tindwa, mvi tupu, anayelinda daraja lile tangu siku ile lisiibwe.

"Shahidi," alisema mwanasheria wa Baraza, "umesahau?"

"Nimesahau, mheshimiwa."

"Umesahau nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Nimesahau."

"Hatuwezi kuandika hivyo! Pengine umesahau jambo jingine kabisa. Pengine umesahau funguo za nyumbani. Taja ulichosahau."

Sajini Tindwa akajikuna kisogoni. "Basi, nimesahau kwamba huyu bibie alicheka."

"Ahaa! Kumbe unakumbuka!"

"Basi sikumbuki."

"Hukumbuki nini?"

Walizunguka hivyo mpaka jua likavuka utosi. Sajini alikumbuka akakemewa, akasahau akakemewa zaidi, na mwishowe akaomba kujua, kwa unyenyekevu, serikali ingependa kichwa chake kiwe katika hali gani.

Mwanasheria ndiye aliyeona tatizo lenyewe. Aliinama akamnong'oneza mwenyekiti, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na ukumbi wote ukasikia.

"Mheshimiwa, kicheko hakiwezi kusahaulika peke yake. Kila anayekisahau anauliza alicheka nini. Tukikifuta kicheko, lazima tulifute na daraja."

"Daraja langu?" Mheshimiwa Kidundo alishika kifua. Daraja lile lilikuwa likitengewa fungu la matengenezo kila mwaka, na fungu jingine la kuzuia mafuriko. "Na tukiliacha?"

"Watu wataendelea kwenda kulitazama, mheshimiwa. Wameanza kwenda na watoto."

Baraza likaenda kunywa chai. Chai ya Baraza la Tambarare ina kuku ndani yake, kwa hiyo ilichukua muda. Waliporudi, Mheshimiwa Kidundo alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba na kupata wazo.

"Baraza limegundua," alisema, "kwamba mahakama ilipitiwa. Bibi huyu hakucheka kamwe. Alilia! Alilia kwa furaha, kwa kuliona daraja la taifa lake! Ni machozi yaliyotafsiriwa vibaya. Sajini, si ndivyo?"

"Sasa nakumbuka vizuri kabisa, mheshimiwa," alisema Sajini Tindwa, na ushahidi wake ukasifiwa.

"Hukumu inafutwa. Atapewa cheti, mtoto, na Nishani ya Chozi la Kwanza. Na kila mwaka, Siku ya Daraja, ataliongoza taifa katika kulia. Akishindwa kulia, au akifanya kitu kingine, cheti kinarudi na mtoto anachukuliwa."

Watu wakapiga makofi. Somoe akainua mkono.

"Mheshimiwa, nashukuru. Lakini mimi nilicheka."

Pale mlangoni yule kijana wa wizara akauhamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwajabu alikuwa kwenye benchi, miguu haifiki chini, amekumbatia kifurushi chake cha nguo, akimtazama mama yake mkubwa bila kupepesa.

"Umesemaje, mama?" aliuliza mwanasheria.

"Nililia," alisema Somoe.

"Kwa nini?"

"Kwa furaha."

"Kwa sauti, tafadhali, ili iandikwe."

"Nililia kwa furaha!"

Akapewa cheti chake, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Bi. Nunu alimpigia vigelegele nje ya ukumbi, na Somoe akatabasamu kama inavyompasa mtu aliyesafishwa jina. Lakini njiani hakuona raha. Miezi ile sita ya kufagia mto hakuwahi kuijutia hata siku moja. Katika nchi ambayo hata makofi husubiri ishara, kicheko kile kilikuwa kitu pekee alichowahi kufanya mbele ya serikali bila kuamriwa. Kilikuwa chake, na sasa wamemnyang'anya, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakabidhi. Angefanya tena, kwa ajili ya mtoto. Ila ilimuuma.

Siku ya Daraja ikafika. Kavuni ilifurika watu, wengi kuliko mwaka wowote, wote wakiwa na nyuso za msiba na kanga na leso mikononi. Somoe alisimamishwa juu ya zulia katikati ya daraja, nishani kifuani, Mwajabu ubavuni pake. Alikuwa amefunga kipande cha kitunguu kwenye pindo la kanga, kwa tahadhari. Sajini Tindwa alisimama hatua chache kando, amepewa kazi ya kuhakikisha watu wanalia.

Mheshimiwa Kidundo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Wapo wanaouliza mto uko wapi. Mto uko njiani! Na kwa kuwa serikali yenu hailali, mwaka huu tumeongeza boti ya uokoaji!"

Akaelekeza mkono chini. Kweli, palepale mchangani ilikaa boti mpya, nyeupe, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya daraja isije ikachukuliwa na maji. Maboya yalikuwa yamepangwa vizuri pembeni.

Somoe akatazama chini. Aliuona ule mchanga alioufagia akiwa msichana, na machozi yakamtoka bila msaada wa kitunguu. Alimlilia Hidaya, akajililia na yeye mwenyewe. Mheshimiwa Kidundo aliyaona machozi yale akafurahi sana, akatoa ishara, na taifa likaanza kulia.

Ndipo beberu mmoja, aliyekuwa akitafuta kivuli, akaruka ndani ya boti. Akapita katikati ya maboya, akapanda kiti cha nahodha, akaweka kwato mbili za mbele kwenye usukani, akaukabili uwanda kwa ndevu zake zote.

Mwajabu akacheka.

Kilianzia tumboni. Somoe alikisikia kikipanda, akakijua kabla hakijafika mdomoni, maana kilikuwa kilekile. Mtoto aliangua kicheko mpaka akashikilia ukingo wa daraja asianguke. Sajini Tindwa akageuka. Upesi Somoe akamvuta mtoto, akamfunika gubigubi ndani ya kanga.

"Analia, afande," alisema. "Analia kwa furaha. Ni ya ukoo."

Sajini Tindwa akaitazama kanga iliyokuwa ikitikisika. Akatazama chini, akamwona beberu kwenye usukani. Masharubu yake yakaanza kucheza.

"Sajini!" Sauti ya Mheshimiwa Kidundo ilinguruma kutoka jukwaani, maana macho yake ya uzeeni hayakufika mbali. "Kuna nini huko?"

Sajini akapiga saluti. "Wanalia, mheshimiwa!"

"Wangapi?"

Sajini akageuka akautazama umati. Kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho wake watu walikuwa wamejifunika kanga na leso nyusoni, wameshikana wasianguke, na mabega ya kila mmoja yalikuwa yakiruka juu na chini.

"Wote, mheshimiwa," alijibu, akavua kofia yake akajiziba nayo uso. "Wote wanalia."

Ndani ya kanga Mwajabu alikuwa bado anacheka. Somoe akaingiza kichwa humo humo gizani, akakutana na pumzi ya moto ya mtoto, na baada ya miaka zaidi ya ishirini akaangua naye.